Maili isiyo mwendo: Lugha ya tiketi za ndege na gharama ya kutoielewa

Nchini Kenya kuna vituo ambavyo majina yake ni hesabu. Kuna Maili Nne viungani mwa Eldoret, Maili Tatu huko Igembe katika kaunti ya Meru, na Maili Saba kule Trans-Nzoia. Waliovipa vituo hivyo majina hawakuwa na haja ya ushairi. Walitaka kumwambia msafiri jambo moja tu: kutoka mjini hadi hapa ni mwendo wa kiasi hiki. Baadaye tulihamia kilomita, lakini majina yalibaki.

Neno hilo hilo sasa limepanda ndege. Wakenya wanaosafiri nje, wawe wanafunzi, wachuuzi waendao Dubai na Guangzhou, wafanyakazi wa Ghuba au wazazi wanaokwenda kuwaona watoto wao Marekani, hulisikia kila mara: kusanya maili, tumia maili, maili zako zinakaribia kuisha muda. Neno ni lile, maana imebadilika. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba biashara ya ndege imeyachukua maneno ya mwendo, ya hadhi na ya ukarimu, ikayatwisha kazi ya kutaja bei. Anayeyasoma kwa maana yake ya kawaida hulipa zaidi. Anayeijua maana ya pili anaweza kuketi kwenye viti vya mbele kwa nauli ambayo jirani yake angeisikia asiamini.

Tuanze na maili yenyewe. Asili yake ya mbali ni neno la Kilatini lenye maana ya elfu, yaani hatua elfu za askari wa Roma barabarani. Liliingia katika Kiingereza, nasi tukalipokea kutoka huko. Kwa karne nyingi maana ilikuwa moja: umbali.

Mwaka 1978 Marekani ilipitisha sheria iliyoondoa udhibiti wa serikali juu ya nauli na njia za ndege. Awali, bodi ya serikali ndiyo iliyokuwa ikiidhinisha nauli, na mashirika yalishindana kwa chakula na tabasamu la wahudumu. Baada ya sheria hiyo yalilazimika kushindana kwa bei, na abiria akawa huru kuhamahama. Swali likawa: utamfungaje abiria asihame? Tarehe 1 Mei 1981, American Airlines ilizindua mpango ulioitwa AAdvantage. Abiria alihesabiwa maili alizosafiri, na zikifika kiwango fulani alipewa tiketi au kuhamishwa kiti cha mbele. United ilifuata mwezi huo huo. Wakati huo maili ilikuwa bado maili. Ukiruka maili 1,000, daftari lako liliandikwa 1,000.

Mambo yaligeuka polepole. Kwanza benki na kampuni za kadi za mkopo zilianza kununua maili kutoka kwa mashirika ya ndege ili kuwazawadia wateja wao. Kisha wauzaji wa vyakula, hoteli na magari ya kukodi wakaingia. Mwaka 1999 mhandisi mmoja wa California, David Phillips, aligundua kwamba kampuni moja ya vyakula ilikuwa ikitoa maili kwa kila vibandiko vya bidhaa zake ambavyo mteja angetuma. Alinunua vikombe zaidi ya 12,000 vya pudini kwa takriban dola 3,000, akapata zaidi ya maili milioni 1.2. Hakuwa ameruka hata maili moja. Kufikia hapo neno lilikuwa limeachana na barabara.

Talaka rasmi ilikuja mwaka 2015, pale Delta na United zilipoanza kuhesabu maili kwa dola alizolipa abiria, wala umbali haukutazamwa tena. American ilifuata mwaka 2016, Flying Blue ya Air France na KLM mwaka 2018, na British Airways mwaka 2023. Mipango mingine ingali inahesabu umbali, lakini mwelekeo umejulikana.

Msomaji wa Kenya hana sababu ya kushangaa. Fikiria Bonga za Safaricom. Katika Sheng, kubonga ni kuzungumza. Hata hivyo, alama zile hazihesabiwi kwa maneno uliyobonga. Huhesabiwa kwa shilingi ulizotumia. Nalo neno pesa, ambalo leo ni jina la fedha zote, lilianza kama jina la sarafu moja ndogo ya Kihindi. Wanaisimu wana jina la jambo hili: uhamaji wa maana. Neno huhama nyumba, jina likabaki mlangoni.

Sasa, maili imehamia nyumba gani? Jibu lilionekana wazi mwaka 2020, wakati janga la Korona lilipozilaza ndege viwanjani. United ilihitaji mkopo. Iliweka rehani mpango wake wa maili, MileagePlus, na kupata dola bilioni 6.8. Katika hesabu zake yenyewe, ilikadiria kwamba mpango huo ulikuwa na thamani ya karibu dola bilioni 22, kiasi kilichozidi thamani ya kampuni nzima katika soko la hisa wakati huo. Delta ikakopa dola bilioni 9 kwa njia hiyo hiyo, na American dola bilioni 10 mwaka uliofuata. Kwa hiyo maili ni sarafu. Huchapishwa na shirika la ndege, huuzwa kwa benki, na thamani yake huamuliwa na yule yule aliyeichapisha.

Ukishaijua maana hiyo, utaelewa kwa nini wahenga hawatusaidii sana hapa. Walisema akiba haiozi. Hii huoza. Maili za Skywards za Emirates, kwa mfano, huisha muda baada ya miaka mitatu hivi. Mipango mingine huzifuta ukikaa kipindi fulani bila kuongeza wala kutumia. Hata zisipofutwa, shirika linaweza kuamua kwamba kiti kilichokuwa kikigharimu maili 60,000 sasa ni 90,000. Na shirika likifa, sarafu yake hufa nalo. Air Berlin ilipofilisika mwaka 2017, mpango wake wa topbonus ulifilisika pia, na wanachama wakabaki na tarakimu kwenye kioo cha simu. Maili basi hazikai kibindoni kama urithi. Zikusanye ukiwa na safari akilini, zikitosha zitumie.

Neno la pili ni daraja. Kiswahili kililipata kutoka Kiarabu, likiwa na maana ya ngazi au cheo, nasi tukaliongezea kazi ya kuvukia mito. Ndani ya ndege tunasema daraja la kwanza, daraja la biashara, na daraja la uchumi. Hili la mwisho linanikera kidogo. Kiingereza kilikusudia uwekevu, yaani kubana matumizi. Sisi tukatafsiri uchumi, kana kwamba abiria wa nyuma wanakwenda kujadili bajeti ya taifa. Ajabu ni kwamba mchuuzi wa Gikomba anayesafiri kwa shughuli za biashara hukaa uchumi, na mheshimiwa asiyeuza hata njugu hukaa biashara. Afadhali tuseme daraja la kawaida, tuelewane.

Lakini tatizo kubwa ni kwamba abiria huamini kuna madaraja mawili au matatu kwa sababu anaona mapazia mawili au matatu. Ndege ya Boeing 787 ya Kenya Airways ina viti 234: 30 vya daraja la biashara na 204 vya daraja la kawaida. Kwa macho, ni madaraja mawili. Kwenye kompyuta ya mauzo, kila daraja limegawanywa tena kwa herufi za alfabeti. Katika mashirika mengi, J ni kiti cha daraja la biashara kwa nauli kamili, nazo C, D, I au Z ni viti vile vile kwa nauli za chini. Y ni nauli kamili ya daraja la kawaida, na baada yake hufuata msururu wa herufi nyingine ambazo kila shirika hupanga lipendavyo.

Tuseme watu wawili wamekaa bega kwa bega katika daraja la biashara. Kiti ni kile kile, kinalala kama kitanda, na chakula ni kile kile. Mmoja ana J na mwingine ana Z. Wa kwanza huenda amelipa maradufu ya wa pili. Alichonunua cha ziada ni masharti: anaweza kubadilisha tarehe atakavyo, kurudishiwa fedha zake na kupata maili nyingi zaidi. Asiyehitaji masharti hayo hana sababu ya kuyalipia. Kwa hiyo swali la kumwuliza wakala si tu "Daraja la biashara ni pesa ngapi?" Mwulize pia, "Herufi ya chini kabisa iliyobaki katika daraja hilo ni ipi, na masharti yake ni yapi?"

Herufi hiyo ndiyo huamua maili pia, katika mipango inayofuata umbali. Nairobi hadi London ni takriban maili 4,250. Chukua mpango unaompa abiria wa daraja la biashara asilimia 150 na abiria wa nauli ya chini kabisa ya daraja la kawaida asilimia 25. Wa kwanza atapata maili 6,375, wa pili 1,062. Wameruka anga moja, wameshuka pamoja, daftari likaandika safari mbili tofauti.

Neno la tatu ni nauli. Wanaleksikografia hulihusisha na neno la Kiarabu lililotaja malipo ya kupakia shehena au watu katika chombo cha baharini. Mawazo yetu yangali ya baharini na barabarani: tunadhani nauli ni bei ya umbali. Lakini mbona tunajua sivyo? Mvua ikinyesha jioni pale Odeon jijini Nairobi, makanga huongeza nauli hapo hapo, na hakuna mtaa uliosogea mbali. Desemba ikifika, safari ya Kakamega hugharimu mara mbili ya ile ya Februari. Makanga anauza uhitaji wako. Shirika la ndege hufanya vivyo hivyo, ila makanga wake ni kompyuta isiyopiga kelele. American Airlines ilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa hesabu hizo, ikawa inauza viti vichache kwa bei ya kutupa kwa wanaopanga mapema, na kuwawekea wanaokimbia dakika ya mwisho viti vya bei ya juu. Hata sharti la zamani la kulala ugenini usiku wa Jumamosi lilikuwa mtego wa kuwatenga mtalii na mfanyabiashara, kwa sababu mfanyabiashara alitaka kurudi nyumbani Ijumaa.

Kutokana na hayo, nauli nafuu ya viti vya mbele hupatikana mahali ambapo uhitaji umelegea. Nitataja njia nne.

Ya kwanza ni majira. Viti vya daraja la biashara hununuliwa zaidi na makampuni na mashirika, na watu hao hupungua safarini wakati wa sikukuu na likizo ndefu. Huko nyuma ndege imejaa familia, huku mbele viti vinabaki. Mara nyingi ndipo matangazo ya nauli nafuu za daraja la biashara hutoka. Mtu anayesafiri Desemba na kununua daraja la kawaida bila kuangalia bei ya mbele huenda akakuta tofauti ni ndogo kuliko alivyodhani.

Ya pili ni kukubali kupitia mahali. Safari ya moja kwa moja huuzwa ghali kwa sababu mwenye haraka atailipia. Shirika linalokupitisha kwenye kitovu chake, iwe Addis Ababa, Doha, Istanbul au Kigali, hulazimika kukushawishi kwa bei. Saa nne za kusubiri uwanjani zinaweza kukuokolea maelfu ya shilingi.

Ya tatu ni mahali pa kuanzia. Nauli huwekwa kwa soko la mji, na miji haifanani. Uingereza hutoza kodi ya abiria wa ndege ambayo ni kubwa zaidi kwa wanaoketi mbele. Ireland ilifuta kodi yake ya namna hiyo mwaka 2014. Ndiyo maana wako wakazi wa London wanaovuka hadi Dublin kuanzia safari zao ndefu za daraja la biashara. Kwetu, ni vyema kulinganisha bei ya kuanzia Nairobi na ile ya kuanzia Entebbe, Kilimanjaro au Addis Ababa, kisha ujumlishe gharama ya kufika huko. Lakini angalia: ukinunua tiketi inayoanzia Entebbe, usijaribu kuipandia Nairobi ndege inapopitia hapa. Ukikosa kipande cha kwanza, mashirika mengi hufuta vipande vyote vilivyobaki, pamoja na vya kurudi. Na kama ulifika Entebbe kwa tiketi tofauti ukachelewa, hakuna anayewajibika kukungoja.

Ya nne ni mnada. Mashirika kadhaa humruhusu mwenye tiketi ya kawaida kutaja bei anayoweza kuongeza ili ahamishwe mbele. Viti vikibaki, wenye bei nzuri huchukuliwa. Hapa inafaa kujiwekea kikomo kabla ya kutaja bei. Soma pia kama maili utakazopata zitafuata kiti kipya au tiketi ya awali, kwa kuwa kwa kawaida hufuata ile ya awali.

Neno la nne ni hatari kuliko yote: bure. Tunaambiwa kwamba maili hutupatia tiketi za bure, na wengine huziita tiketi za tuzo. Tuzo hutolewa na mtu mkarimu kwa mtu aliyefanya vyema. Hapa hakuna ukarimu. Zile maili zilikuwa ndani ya nauli uliyolipa au ndani ya ada ya kadi yako ya benki. Tena, ukishatoa maili utadaiwa kodi za viwanja na serikali, na wakati mwingine tozo ambayo shirika lenyewe huiweka, iliyozoeleka kama tozo ya mafuta. Kwenye tiketi huandikwa YQ au YR. Katika baadhi ya mipango tozo hiyo humeza nusu ya faida.

Njia ya kujikinga ni hesabu moja rahisi. Chukua bei ya tiketi kwa fedha taslimu, ondoa kodi na tozo utakazolipa ukitumia maili, kisha ugawanye kwa idadi ya maili. Tuseme tiketi ya daraja la biashara ni shilingi 250,000. Kwa maili, unadaiwa 60,000 pamoja na shilingi 40,000. Tofauti ni shilingi 210,000. Gawanya kwa 60,000 upate shilingi 3.50 kwa kila maili. Sasa tuseme tiketi ya kawaida katika njia hiyo hiyo ni shilingi 90,000, au maili 40,000 pamoja na shilingi 30,000. Tofauti ni 60,000, na kila maili imekuletea shilingi 1.50 tu. Bila shaka takwimu hizi ni za mfano, lakini umbo lake hujirudia mara nyingi: maili hupata thamani kubwa kwenye viti vya mbele, na thamani ndogo kabisa zinapobadilishwa kwa mabegi, vikombe na vocha za dukani. Mtu anayebadilisha maili zake kwa birika la umeme amefanya biashara ya yule aliyeuza ng'ombe akanunua kamba.

Je, haya yanamhusu nani? Shemeji yangu huuza nguo Eastleigh na huenda Dubai mara nne kwa mwaka, aghalabu kwa ndege zile zile. Juzi nilimwuliza, "Shemeji, maili zako zimefika ngapi?"

Akacheka. "Mwalimu, maili ni za wakubwa wanaokaa mbele. Mimi huko nyuma na mabegi yangu, nani atanihesabia?"

Hakuwahi kujisajili. Nairobi hadi Dubai ni takriban maili 2,200, kwa hiyo kwenda na kurudi ni 4,400. Mara nne kwa mwaka ni zaidi ya 17,000 za mwendo. Hata mpango ungemhesabia robo tu, angekuwa na zaidi ya 4,000 kila mwaka bila kuongeza senti. Wahenga hapa wako upande wetu: mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Kujisajili hakuna malipo katika mipango mingi. Kilichomzuia shemeji ni neno. Aliposikia maili za wasafiri maalumu, alidhani yeye si maalumu.

Nilimweleza mambo matatu, nami nayarudia hapa. Kwanza, jina la usajili lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi, na namba ya uanachama imfikie wakala kabla ya tiketi kutolewa. Kama safari imepita, mipango mingi hukubali kuihesabu ukiomba ndani ya miezi michache, mradi umehifadhi tiketi na kadi ya kuingilia ndegeni.

Pili, usitawanye maili katika mipango sita. Mashirika yameungana katika miungano mitatu mikubwa. Kenya Airways imo katika SkyTeam, Ethiopian Airlines imo katika Star Alliance, na Qatar Airways imo katika Oneworld. Safari ya shirika moja inaweza kuandikwa katika daftari la shirika jingine la muungano huo, ikitegemea herufi ya nauli. Emirates haimo katika muungano wowote kati ya hiyo, ingawa ina washirika wake. Chagua daftari moja linalofuata njia unazopita sana. Haba na haba hujaza kibaba kimoja. Ukiwa na vibaba sita, vyote vitabaki nusu.

Tatu, ukoo unaweza kuchanga. Emirates na British Airways, miongoni mwa mengine, zina akaunti za familia ambapo mama, baba na watoto huweka maili zao pamoja. Sisi tuliozoea vyama na harambee hatuhitaji kufundishwa faida yake.

Kuna pia maneno mawili ambayo huwachanganya hata wasafiri wa siku nyingi. Mipango mingi ina aina mbili za hesabu. Ziko maili unazoweza kutumia kulipia tiketi, na ziko nyingine zinazohesabiwa tu kuona kama utapandishwa cheo cha uanachama, upate foleni fupi, begi la ziada au chumba cha kupumzikia uwanjani. Za aina hii ya pili hazinunui kitu, na kila mwaka huanza upya. Za kwanza napendekeza tuziite maili za matumizi, na za pili maili za hadhi. Anayezinunua maili za matumizi akitarajia cheo, au anayesafiri safari ya ziada Desemba kutafuta hadhi asiyoihitaji, amepotezwa na neno.

Hapa ndipo wapenzi wa Kiswahili tunapaswa kujiuliza kazi yetu ni ipi. Ndani ya ndege zetu tunakaribishwa kwa Kiswahili, tunafungishwa mikanda kwa Kiswahili na kuagwa kwa Kiswahili. Mpango wa Kenya Airways wenyewe umebatizwa Asante Rewards, shukrani ya Kiswahili kwenye kifuniko. Lakini masharti ya nauli, yale yanayosema lini utarudishiwa fedha na lini maili zako zitakufa, nilizoyasoma mimi ni ya Kiingereza cha mawakili. Asante tunaipokea kwa lugha yetu, na deni tunalisaini kwa lugha ya wengine. Wanaofundisha tafsiri vyuoni wangeweza kuchukua kurasa hizo kama zoezi la darasani, na mashirika yangepata istilahi zilizo tayari: herufi ya nauli, nauli kamili, tozo ya mafuta, maili za matumizi, maili za hadhi, tiketi ya maili badala ya tiketi ya bure. Si maneno magumu. Ni mazoea tu ambayo hayajaanza.

Kwa sasa, msomaji anayepanga safari anaweza kumwuliza wakala maswali manne kwa Kiswahili sanifu kabla ya kufungua M-Pesa. Herufi ya nauli hii ni ipi? Nikibadilisha tarehe, nitatozwa kiasi gani? Itaniletea maili ngapi, na katika daftari la nani? Na daraja la biashara, kwa herufi ya chini kabisa, lingenigharimu nyongeza ya shilingi ngapi? Wakala anayejua kazi yake atajibu yote manne. Asiyejibu, tafuta mwingine. Biashara haigombi.